Muulize Fundi wa Boti: Konrodi imekatika, bloku limetoboka, nani alaumiwe?

SWALI: Assalaam alaykum fundi. Mi niko Muscat, asili yetu Unguja, gazeti naletewa na shemeji kila akija. Nina boti ya futi 28, injini moja ya ndani, V8 ya petroli ya inchi za ujazo 502 yaani lita 8.2, kabureta. Msimu uliopita niliipeleka gereji moja ikafunguliwa yote, wakaweka kamshafti (shafti inayofungua valvu) kali zaidi, pistoni mpya, beringi mpya, konrodi (zile fimbo zinazounganisha pistoni na krenki) wakarudisha zilezile. Nguvu iliongezeka kweli, propela ileile nikawa nafika rpm (mizunguko kwa dakika) 5,400 badala ya 4,900. Sasa mwezi uliopita natoka Seeb naelekea visiwa vya Daymaniyat, bahari shwari kabisa, nimefungulia yote kwa dakika kama kumi, nikasikia pah! afu mlio wa vyuma afu injini ikaganda. Kufunua, kuna tundu kwenye bloku pembeni ya stata, ngumi inapita, na oili yote imehamia kwenye ngama. Gauji ya oili ilisoma 55 mpaka dakika ileile. Fundi aliyeifungua anasema ni oili pampu. Gereji iliyojenga inasema nimeizungusha kupita kiasi kwahiyo hawalipi kitu. Binamu yangu anasema konrodi zilizeeka tu. Iliyokatika ni ya silinda namba 6, imekatika kwenye mwili wake, sio kwenye kofia inayoibana chini kwenye krenki, kipande cha juu bado kimeshikana na pistoni. Uso wa mkatiko nusu ni mweusi mweusi una mistari ya kupinda, nusu unang'aa una chembechembe. Bolti moja ya kofia imekatika, imefanya shingo nyembamba pale ilipokatikia. Beringi za konrodi nyingine zote 7 ni kijivu safi hazina mkwaruzo. Kitu kingine sijui hata kama kinahusu, kama miezi mitatu nyuma tulikaa gatini injini inanguruma taratibu nusu saa hivi tunasubiri wageni, nikazima, baadae napiga stata ikafanya "ngk" ikasimama kama betri imekufa, nikapiga tena na tena ikaitika, ikatoa moshi mweupe kidogo ikawa sawa. Nani mkweli hapo? Na nikiweka injini nyingine haitakufa hivihivi?

JIBU: Waalaykum salaam kaka, pole sana kwa hasara. Sasa we umeandika barua nzima afu jibu ukalificha mwishoni ukasema "sijui hata kama kinahusu". Hicho ndo chenyewe. Ila twende taratibu maana najua gereji hawatakubali kwa maneno matupu.

Kwanza oili pampu, hiyo tuitoe mezani. Konrodi ikikosa oili haifi kimyakimya. Beringi inasagika, inashikana na krenki, kile chuma kinageuka rangi ya bluu mpaka nyeusi kwa joto, kofia inavutika, na mara nyingi inaachia hukohuko chini kwenye kofia. Afu tena pampu haimnyimi mtu mmoja oili, ikifa inawanyima wote, kwahiyo beringi 8 zote zingeonesha kilio, hata kama moja imetangulia. Wewe 7 ni kijivu safi. Na gauji 55 kwenye rpm 5,400 ndo palepale panapotakiwa, mafundi wa Marekani wana kipimo chao cha kienyeji cha presha ya psi 10 kwa kila rpm 1,000. Inawezekana njia ya oili ya jono moja (pale konrodi inapokaa kwenye krenki) iliziba, sawa, lakini basi mkatiko ungekuwa chini penye joto, sio katikati ya mwili. Huyo fundi aliyesema pampu nadhani aliona oili kwenye ngama akafunga kesi.

La pili, kuzungusha kupita kiasi. Hapa gereji wana hoja nusu, kwasababu ni kweli konrodi inauliwa na kuvutwa zaidi kuliko kusukumwa. Watu wengi wanadhani ni mlipuko ndo unavunja, hapana, kwenye mlipuko inasukumwa na chuma kinavumilia kusukumwa. Shida ni pistoni inapofika juu wakati wa kutoa moshi, hakuna kitu cha kuizuia, inataka kuendelea kwenda juu na konrodi ndo inairudisha. Kwenye injini kama yako, pistoni na pini na vyote vinavyopanda nayo vikiwa kilo 1 tu, kwa rpm 5,400 unaongelea mvuto wa zaidi ya tani 2, na ukipeleka 6,500 unapita tani 3, kwasababu nguvu inakua kwa mraba wa mzunguko. Ndo maana kwenye boti za mashindano ya bahari kuu kuna mtu kazi yake ni kushika mkono wa mafuta tu, boti ikiruka wimbi na propela ikatoka majini anarudisha mkono kabla injini haijapiga kelele.

Lakini injini ikizungushwa hivo inaacha saini. Nusu beringi ya chini, ile ya upande wa kofia, inaliwa kwenye silinda zote, kwasababu yenyewe ndo inabeba ule mvuto. Bolti zinarefuka. Na ikikatika mara nyingi inaanzia kwenye bolti au chini kidogo ya pini ya pistoni. Sasa mwambie fundi wako atoe bolti za zile konrodi 7 nzima azipime urefu kwa maikromita na aziweke pembeni ya bolti mpya ya aina ileile, ARP wenyewe wanaotengeneza bolti hizi wanasema ikirefuka moja kwa moja kwa elfu moja ya inchi basi itupwe. Kama 14 zote ziko palepale, hoja ya gereji imekufa. Na bahari ilikuwa shwari, propela haikutoka majini, 5,400 ulikuwa unaiona kwenye gauji, hiyo sio rpm ya kuvunja konrodi nzima ya chuma cha kufua. Na ile bolti yenye shingo nyembamba isikuchanganye. Chuma kikivutwa ghafla kupita uwezo kinajivuta kama hivo kabla ya kukatika, maana yake yenyewe ilikatika mwisho, vyuma vilivyokwisha achana vikawa vinaparurana humo ndani. Ni majeruhi, sio muuaji.

Sasa tuje kwenye huo uso wa mkatiko maana umeuelezea vizuri kuliko mafundi wengi wanavyouelezea. Ile nusu nyeusi yenye mistari ya kupinda ni ufa wa uchovu, ulianza sehemu ndogo, ukawa unatembea kidogo kidogo kila injini ikizunguka, na ule weusi ni oili na muda. Nusu inayong'aa yenye chembe ni siku ya Daymaniyat, kilichobaki hakikutosha kubeba kikakatika kwa mkupuo. Yani konrodi hii haikuvunjika mwezi uliopita, mwezi uliopita ilimaliza kuvunjika. Fata mistari ile inarudi wapi, inapozaliwa utakuta ni ukingoni upande mmoja, na nakuhakikishia ukilaza rula kwenye kile kipande utaona mwili umepinda upande huo.

Imepindaje? Maji. Kamshafti kali inaacha valvu ya kuingiza na ya kutoa zote zimefunguka pamoja kwa muda mrefu zaidi. Kwenye mwendo hiyo ni neema, injini inapumua. Ila inaponguruma taratibu pale gatini, pistoni ikianza kushuka inavuta kila kilicho wazi, ikiwemo huko nyuma kwenye ekzosi, na ekzosi ya boti sio kama ya gari, humo ndani maji ya bahari ya kupoozea yanamwagwa yachanganyike na moshi. Kila mzunguko unarudisha matone. Nusu saa ya kusubiri wageni ni matone mengi sana kaka. Ongezea na raiza za ekzosi (yale mabomba yanayopandisha moshi kabla haujashuka nje) ambazo kwa maji ya chumvi mafundi wengi hawazipi zaidi ya miaka 5, zikila kutu ndani maji yanapata njia ya mkato. Umezima, maji yakatulia silinda namba 6.

Hesabu yake ndogo tu: lita 8.2 gawanya kwa 8 unapata kama lita 1 na kidogo kwa silinda, na kama mgandamizo ni karibu 9 kwa 1, nafasi inayobaki pistoni ikiwa juu kabisa ni mililita 130 hivi. Vikombe viwili vya kahawa ya hapo Muscat, vile vidogo visivyo na mkono. Yakizidi hapo pistoni haina pa kwenda kwasababu maji hayagandamizwi. Ile "ngk" ndo pistoni imegota kwenye maji. Stata peke yake mara nyingi inasimama tu bila madhara, ndo maana watu wengi wamepona. Kinachopinda konrodi ni kupiga tena na tena, silinda nyingine ikabahatika kuwaka, sasa sio stata tena inayosukuma, ni injini nzima inamlazimisha namba 6 apite pasipopitika. Akapita, kwa kupinda. Maji yakatoka kama ule moshi mweupe, na we ukaenda zako.

Tokea siku hiyo, kwa rpm 5,000 konrodi ile inavutwa na kusukumwa mara 150,000 kila saa, na kila mara inakunjuka na kukunjika pale penye kona. Kwa miezi hiyo yote, hata ukitoka wikiendi tu, mahesabu fanya mwenyewe.

Nataka uthibitishe kabla hujaenda kugombana. Usishikanishe vile vipande viwili uone kama vinaingiliana, kila mtu anafanya hivo na inaharibu uso wote, wala usisugue kwa brashi ya waya, paka oili nyepesi funga kwenye nailoni kila kimoja peke yake. Afu angalia silinda namba 6 kwa juu, utando wa kaboni pale juu ya ukuta. Konrodi iliyopinda ni fupi, pistoni haifiki zinapofika nyingine, kwahiyo ule utando utakuwa mpana zaidi kuliko wa silinda 4 na 8. Angalia sketi ya pistoni (ubavu wake wa chini), kama konrodi imepinda kwa pembeni alama za kusugua zinakuwa za mshazari, upande mmoja juu, upande wa pili chini. Angalia valvu ya kutoa kama ina kutu au vidoa vya chumvi. Afu zile zilizobaki, kama krenki bado inazunguka, leta kila pistoni juu kabisa upime kwa rula ya chuma na fila geji (vile vibati vya kupimia nafasi) inasimama chini ya uso wa bloku kiasi gani. Ikiwepo nyingine imekaa chini kuliko wenzake, nayo ilikunywa maji. Anza na 2, 4 na 8, hizo zinatumia manifoldi moja na 6. Manifoldi na raiza zipimwe kwa presha.

Nani alaumiwe? Mi naona gereji, ila sio kwa konrodi. Mtu anaweka kamshafti ya kutafuta rpm kwenye boti afu haulizi raiza zina urefu gani na umri gani, huyo anajenga injini ya gari. Kamshafti za boti kwa kawaida zinatengenezwa na nafasi pana kati ya valvu mbili, digrii 112 mpaka 114 hivi, kwa sababu hiyohiyo ya maji kurudi. Waombe karatasi ya kamshafti waliyoweka, kama namba ni 108 au chini basi hiyo karatasi ndo uende nayo kwenye mazungumzo. Binamu yako amekosea kidogo tu, konrodi ilichoka kweli ila haikuzeeka, ilipindishwa. Na wewe, siku nyingine injini ya boti ikifanya "ngk", usirudie stata, toa plagi zote kwanza, uizungushe, maji yaruke nje.

Injini nyingine itakufa hivihivi? Ukirudisha raiza zilezile na kamshafti ileile ndio, itakufa. Na kuna kifo kingine cha haraka zaidi kinakusubiri, kula ya oili (oil cooler, kile kipoozeo cha oili). Ile kula imejaa unga wa chuma, haioshiki ikaisha, watu wanaosha kwa petroli wanaona safi, injini mpya inawashwa, joto linapanda, chembe zinaachia zinaenda moja kwa moja kwenye beringi. Tupa kula, tupa na mipira yake. Krenki usiitumie kabla haijapimwa ufa kwa sumaku, iliburuzwa na vyuma.

SWALI: Habari yako fundi. Mimi ni nahodha Lamu, nafanya taxi ya Mokowe na safari za wageni. Mashine yangu ni ya nje, 2-stroke, hosipawa 75, silinda 3 kabureta 3. Mwaka huu konrodi imekatika mara mbili, zote silinda ya juu. Mara ya kwanza tukabadilisha konrodi na pistoni, mara ya pili vilevile. Fundi anasema speya ni feki. Nachanganya oili vizuri.

JIBU: Nahodha, speya feki zipo, sikatai, lakini feki ingeeleza ile ya pili tu, ya kwanza ilikatika kabla hamjaweka speya hiyo. Na silinda ileile ya juu kufa mara mbili, mara nyingi sio bahati mbaya tu. Kitu kinachoua kiko kwenye mashine na hamjakigusa, mnabadilisha maiti tu.

Kwenye 2-stroke hakuna sampu (bakuli la oili chini ya injini), oili inakuja na petroli, kwahiyo silinda ikipata petroli kidogo imepata na oili kidogo. Unaweza kuchanganya 50 kwa 1 kama mtakatifu, mililita 400 kwenye dumu la lita 20, na bado silinda moja ikafa kiu. Toa kabureta ya juu, angalia jeti kuu kwa kuimulika kwenye mwanga, uchafu wa madumu ya plastiki unakaa pale unazibaziba nusu. Kama jeti ni safi nenda kwenye sili ya krenki ya juu, chini ya flaiwili. Ikila, mashine inavuta hewa pale, hewa hiyo haina petroli wala oili, na wa kwanza kuipata ni silinda ya juu. Mafundi wengi hawaigusi kwasababu inataka kutoa flaiwili na hawana pula (kifaa cha kuling'oa). Nyunyizia mchanganyiko kidogo kidogo pale mashine ikiwa slow, ikibadilika mlio umeipata, ila jiepushe na plagi na waya zake usije ukawasha mtumbwi.

Zile konrodi mbili zilizokatika umezitupa? Kama bado unazo tazama tundu la chini zilipokaa roli za sindano. Bluu au zambarau ni kukosa oili. Ikiwa chuma ni cheupe lakini kuna alama za kutu na vishimo kama vya sindano, ni maji ya chumvi yaliingia na mashine ikakaa, roli zikapata kutu, na hapo hesabu inabadilika kabisa, niandikie tena. Na kama ni kiu ya oili, plagi ya juu itakuwa nyeupe kuliko zile mbili, hiyo utaiona leo leo bila kufungua kitu.

SWALI: Fundi, niko Dar, Kigamboni. Konrodi ya injini ya boti imepinda kidogo baada ya kuingia maji, kuna jamaa anainyoosha kwa presi elfu thelathini tu. Nimpe?

JIBU: Usimpe. Ya injini ya kusaga mahindi inayozunguka taratibu labda, ndugu zetu wanafanya na zinaenda. Ya boti inayofunguliwa yote saa nzima, hapana. Chuma kikipinda kimeshaumia, ukikinyoosha umekiumiza mara ya pili palepale, na macho hayataona chochote. Tafuta hata ya kutolewa kwenye injini nyingine, ipimwe ufa, ipimwe unyoofu, na uzito wake ulingane na wenzake. Kofia irudi na konrodi yake, namba kwa namba. Ikiwa ni V8, kumbuka konrodi mbili zinakaa kwenye jono moja, zile pande zilizochongwa mshazari zitazame nje kwenye kona za krenki na pande bapa zitazamane, ukigeuza beringi inapanda kwenye kona na hutafika hata Mbudya. Bolti nunua mpya. Elfu thelathini yake iweke kwenye bolti.